Dawa Isiyolambika

Wanaopenda kusema kwamba watoto wa zamani walikuwa na afya kuliko wa leo, waniletee vichwa vyao niviangalie. Mimi nilikuwa mtoto wa zamani, na kichwa changu kilikuwa na mapunye ya kutosha kugawia kijiji kizima. Yalianza kama duara dogo juu ya sikio la kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati. Nywele zikakatika pale kama zimenyolewa na mtu mwenye haraka, ngozi ikaota magamba, halafu likaja duara la pili, na la tatu, mpaka wenzangu wa darasa la pili wakaniita Ramani. Wengine walinisonta kichwani wakataja mikoa. Mwalimu mkuu aliniambia nikae nyumbani mpaka nipone, kwa sababu shule nzima tulikuwa tunanyolewa kwa mkasi mmoja. Nilimchukia miaka mingi. Sasa nakiri kwamba alikuwa na haki, lakini nakiri kwa shingo upande.

Shule yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni mkono wa Baba.

Baba alikuwa na desturi yake. Jioni akirudi, kabla hajaketi, kabla hajauliza kuna nini jikoni, aliweka kiganja juu ya kichwa changu na kukiacha pale kidogo. Mimi ndiye kitinda mimba wake, na salamu ile hakumpa mtu mwingine. Mapunye yalipozidi, mkono ukaanza kutua begani. Hakusema kwa nini. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kuingia katika nyumba za watu na kubeba watoto wa watu, na aliogopa kuwapelekea ugonjwa wangu. Nilielewa, na bado nilikuwa nakaa mlangoni jioni nikiwa nimeinamisha kichwa, nikitumaini kwamba siku moja atasahau kuwa ninaumwa.

Tulikuwa wageni kijijini, kama kila mtu. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa juu mlimani, pana, ya miti na udongo, na ng'ombe walilala humo humo upande wao, sisi upande wetu, katikati pakiwa na kizuizi cha fito. Amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipokuja, tukashuka huku upande wa Gehandu, tukapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka, tukajenga harakaharaka nyumba ya chumba kimoja na nusu. Ng'ombe wakubwa wakalala nje kwenye boma la miiba. Ile nusu ya chumba nikalala mimi na ndama wangu.

Mama yake ndama alikufa mara tu baada ya kuhama, sijui kwa ugonjwa au kwa kukumbuka malisho ya kule juu. Ndama alikuwa mdogo mno, na Baba akasema hataishi. Mimi nilichovya vidole kwenye maziwa nikampa anyonye, asubuhi na jioni, mpaka akajifunza kunywa kwenye bakuli. Alikuwa jike, mwekundu kama udongo wa barabarani, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Baba alipoona anasimama imara akasema basi, huyu ni wako. Nimeamua kutotaja majina ya watu humu, na kwangu huyu alikuwa mtu, kwa hiyo jina lake nalo silitaji.

Nesi wa zahanati alitokea Tanga. Leo nikipiga hesabu naona alikuwa msichana tu, lakini wakati ule alikuwa mtu mzima kabisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na maneno matamu ambayo sisi hatukuwa nayo. Kiswahili chetu kilikuwa cha kufikia sokoni na kurudi. Chake kilikuwa na mapambo. Baridi ya Hanang ilimtesa, akawa anavaa sweta juu ya sare na khanga juu ya sweta, na watoto walisema Nesi anatembea na kitanda chake. Alipanga kwa jirani yetu, na kwa kuwa hakujua kupika ugali wa kutosha mtu mmoja, Mama akawa anamwita kula kwetu. Alimwamkia Mama shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na kwa goti lile Mama alimpenda kabla hajajua jina lake.

Ni yeye aliyeamua kwamba kichwa changu kitapona. Alikuwa na unga wa aina mbili, wote mweupe, wa asidi mbili tofauti. Mmoja, alitueleza, unaua fangasi, na fangasi ni kiumbe asiyeonekana anayeota kwenye ngozi kama ukungu unavyoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Wa pili unachubua ngozi iliyokufa ili ule wa kwanza ufike chini. Peke yao ni unga tu, unapeperuka. Lazima upate mafuta ya kuubeba, na aliubeba kwa vaselini, akiusaga taratibu kwenye kinu kidogo cha kaure. Vidonge vya kumeza vya mapunye alikuwa amevisikia chuoni, wala hakuwahi kuviona. Tulichokuwa nacho ni dawa ya kupaka.

Akapaka. Akampa Mama kikopo na maelekezo: asubuhi na jioni, baada ya kunawa, bila kuongeza kitu.

Nikazidi kuwa mbaya.

Nesi akadhani amekosea vipimo. Akaongeza unga, ikanichoma mpaka nikalia, akapunguza. Akajipaka mwenyewe kwenye mkono, upande wa ndani, akakaa nayo siku kadhaa aone kama ngozi yake itachubuka. Alikuja jioni akanishika kidevu, akanigeuza kichwa kwenye mwanga wa mlango, na uso wake ukawa mdogo. Nilimwonea huruma. Hata nilijaribu kupona kwa nguvu, nikikaza meno, kwa ajili yake.

Asichokijua Nesi ni kwamba kwetu siagi ni baraka. Bibi harusi hupakwa siagi. Mtoto mchanga hupakwa siagi. Anayeondoka safari ndefu, anayerudi salama, anayesamehewa, wote hupakwa siagi, na Mama aliamini kwamba kichwa cha mtoto kilichokauka ni kichwa cha mtoto asiye na mama. Sasa ile vaselini haikuwa na harufu yoyote. Ilikuwa kidogo, ikipakwa kwa ncha ya kidole, kwa uchoyo kabisa. Mama aliitazama ile dawa akaona imepungukiwa na kitu kimoja tu, akakiongeza kutoka kwenye kibuyu chake, donge zima, akakoroga vizuri kwa upendo wote. Hakuona kwamba anaharibu. Aliona kwamba Nesi ni msichana wa mbali, hana ng'ombe, siagi angeitoa wapi?

Na mimi nilijua jambo lingine, lakini hakuna aliyeniuliza. Kila alfajiri niliamshwa na ulimi. Ndama wangu alianza kwenye paji la uso, akapanda mpaka utosini, akazunguka masikio, akalamba mpaka pasibaki kitu, kisha akashusha pumzi na kulala tena. Ulimi wa ndama unakwaruza, na kichwa chenye mapunye kinawasha. Jamani, ilikuwa raha. Sijawahi kukunwa vizuri hivyo tena maishani.

Asubuhi moja Nesi alipita mapema akienda kwa mzazi. Akabisha hodi, Mama akiwa bado anakamua, akaingia hadi kwenye ile nusu ya chumba. Akatukuta. Mimi nimefumba macho nacheka, ndama amenishika kichwa kwa ulimi kama anakula chumvi.

"Mama!" Nesi akaita. "Mama, hebu njoo!"

Mama akaja na kibuyu mkononi. Nesi akainama, akanusa kichwa changu. Akanusa kikopo.

"Hii dawa yangu inanukia nini?"

Mama akatazama chini. "Ni siagi tu, mwanangu. Kidogo tu. Mtoto alikuwa mkavu."

Nilidhani Nesi atafoka. Badala yake akakaa chini pale pale kwenye majani ya ndama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mama naye, kwa aibu na kwa kuona hajagombezwa, akacheka. Wakashikana mikono wakicheka. Halafu Nesi akamwangalia ndama kwa karibu, na kicheko kikakoma.

Kuzunguka macho ya ndama palikuwa na maganda ya kijivu, mviringo, mviringo. Na kwenye pua. Na nyuma ya sikio. Sisi tulikuwa tunayaona kila siku. Ndama wengi huwa hivyo wakati wa mvua, hakuna anayeyajali, yanaitwa tu uchafu wa ndama. Nesi akaweka kidole kwenye duara la ndama, kisha kwenye duara langu.

"Ni ugonjwa mmoja," akasema polepole. "Ndama ndiye anayempa mtoto. Na mtoto anamrudishia ndama."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika lini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama huyu ndama anaweza kuwapa na ng'ombe wengine, na watoto wengine. Nesi hakujua kusema uongo. Akasema ndiyo.

"Basi ataenda mnadani Katesh," Baba akasema. "Mnada unaokuja."

Nilimrukia Nesi. Ndiyo, yeye, si Baba. Nilimpiga kwa ngumi kwenye sweta lake nikamwambia arudi kwao Tanga, achukue na dawa yake. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kumfanyia mtu mzima vile, na Mama aliniinua kwa sikio. Nesi akavuta sweta lake likae sawa. Akamgeukia Baba, akapiga goti lile lile alilompigia Mama siku ya kwanza.

"Baba, niachie mpaka mnada. Wote wawili. Mtoto na ndama."

"Utampaka ng'ombe dawa ya serikali?"

"Hiyo ya serikali imekwisha, Baba. Vaselini imebaki ya kulamba kopo. Lakini unga ninao, nitatengeneza nyingine."

Baba akamwangalia ndama, kisha mimi. Alikuwa mtu wa kupima neno. "Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema mwishowe. "Haya. Mpaka mnada. Ikiwa siku hiyo bado, nisilaumiwe."

Tangu siku ile jiko la Mama likawa maabara. Kazi ilikuwa rahisi kuielezea na ngumu kuifanya. Yalihitajika mafuta ya kubeba ule unga, yashike kwenye ngozi kutwa nzima, yasiyeyuke juani, na zaidi ya yote, ndama asiyapende. Unga alikuwa nao Nesi. Mafuta alikuwa anayajua Mama. Kila mmoja alikuwa na jambo lake la kukosea.

Siagi ilitupwa nje ya mashindano mara moja, Mama akiwa amenuna. Akaleta mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo kwetu hupakwa ngozi zisikakamae. Ndama kweli hakuyapenda. Mbwa waliyapenda. Nilitembea kijijini na msafara wa mbwa wa nyumba zote za mstari wetu, na jua lilipopanda mafuta yakanishukia machoni. Nesi akasema hapana. Yeye akaja na wazo lake la kutumia sabuni ya kufulia iliyochemshwa ikawa uji, kwa kuwa aliona sabuni haiwezi kulambwa na kiumbe chochote. Mama alimwambia mapema kwamba sabuni itanikausha, Nesi akasema ataiweka kidogo. Ilinikausha ngozi ikapasuka, na wakati huu Mama ndiye aliyekaa chini akacheka, ingawa si kwa muda mrefu, maana nilikuwa nalia.

Halafu Mama akakumbuka nyonyo. Mnyonyo uliota wenyewe kando ya choo chetu kipya, kama unavyoota kando ya kila choo, na mafuta yake ni mazito, yananata, na ukiyaonja utajuta. Wakakaanga mbegu kidogo, wakatwanga, wakachemsha, wakaengua yaliyoelea. Lakini yalitiririka. Nesi akataka kitu cha kuyagandisha, na Mama akaenda kwa mzee mmoja wa mizinga kule chini ya mlima, akarudi na bonge la nta limefungwa kwenye jani, linanukia asali. Walipoyeyusha nta kwenye nyonyo na kukoroga ule unga wa Nesi wakati mafuta yanaanza kupoa, kikaganda kitu cha rangi ya manjano, laini, kinachokaa pale unapokipaka. Nesi alikishika kati ya vidole viwili, akakisugua, akakisikiliza karibu na sikio, kama kitamwambia kitu.

"Bado harufu ya asali," Mama akasema. "Atalamba."

Akatoka nje, akakata jani la shubiri kwenye ua, akakamua utomvu wake mchungu ndani ya kopo. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu. Asidi mbili kutoka bohari ya serikali, nyonyo ya chooni, nta ya mlimani na uchungu wa ua wetu.

Lakini Nesi alikuwa ameshakosea mara nyingi, hakutaka kuamini haraka. Akasema tutapima. Upande wa kushoto wa kichwa utapakwa dawa mpya, upande wa kulia utapakwa mabaki ya ile ya zamani ya vaselini mpaka yaishe. Na ndama hivyo hivyo, upande huu na upande huu, ili tuone kwa macho ipi inafanya kazi. Na usiku tutatenganishwa, ndama alale nyuma ya kizuizi cha fito, kama kwenye nyumba ya zamani.

Hapo palizuka ugomvi pekee niliowahi kuuona kati yao.

"Mtoto ni mmoja," Mama akasema. "Huwezi kumponya nusu."

"Si kumponya nusu, Mama. Ni kujua."

"Kama unajua hii ni nzuri, mpake yote. Kama hujui, kwa nini unampaka?"

Nesi akafunika kopo. Nadhani chuoni hawakuwa wamemfundisha jibu la swali hilo. "Kwa sababu," akasema, "nikikosea tena, atauzwa ndama wake. Na sitajua nimekosea wapi."

Mama akamtazama. Kisha akachukua kikopo, akanipaka kushoto, kushoto tu, na mkono wake wa kulia akauweka nyuma ya mgongo usije ukamsaliti. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Nilimwona anavyoteseka. Upande wangu wa kulia ulimwita, na hakuuitikia.

Ndama alijaribu. Siku ya kwanza ya dawa mpya alinyoosha ulimi kwenye sikio langu la kushoto, akalamba mara moja. Akasimama. Akakunja mdomo wa juu, akatikisa kichwa, akanitazama kama mtu aliyedanganywa na rafiki yake wa pekee. Akahamia kulia. Kulia hapakuwa na siagi tena, akaacha. Niliumia moyo. Nilimkumbatia shingo nikamwambia ni kwa faida yake, maneno ambayo watoto wote huyachukia, na ndama pia.

Na kushoto kukaanza kutulia. Magamba yakaanguka, ngozi chini yake ikawa ya waridi, kisha ya kawaida. Kulia kukabaki vile vile. Siku Nesi aliponigeuza kwenye mwanga na kuona tofauti, alimwita Mama. Alichovya kidole chake kwenye kopo, akanipaka kulia pia, na Mama nyuma yake akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mtoto ni mzima." Hakumaanisha nimepona. Alimaanisha kwamba sipo nusu tena.

Nesi alimpaka hata Mama mwenyewe. Mama alikuwa na ukucha wa dole gumba ulionenepa na kuwa wa manjano kwa kukamua na kuosha vibuyu miaka yote, akawa anauficha ndani ya ngumi akimsalimia mtu. Nesi akaukwangua taratibu kwa kisu kidogo, akaujaza dawa, akaufunga kitambaa. Akamwambia ukucha unaota pole pole kuliko mtoto, asimdai majibu upesi.

Siku ya mnada ikasogea. Nilikuwa nalala bila usingizi. Nilimwambia ndama, kupitia zile fito, kwamba akiuzwa nitamfuata mpaka Singida.

Ikafika asubuhi ile. Ng'ombe wa jirani walikuwa wameshaanza kupita njiani kuelekea Katesh, vumbi juu, vijana wakipiga miluzi. Baba akashusha kamba ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama kati yake na ndama, na sikuwa na ngumi tena. Nesi alikuja mbio, kitambaa kimemlegea, sweta halijafungwa vifungo.

"Baba, ulisema mpaka mnada."

"Leo ni mnada."

"Basi waangalie."

"Nimewaona."

"Hujawashika, Baba," Nesi akasema. Alipoona amemkatiza mzee, akainama. "Nisamehe. Washike kwanza. Kwa mkono."

Baba alisimama na kamba yake. Kisha akaihamishia mkono wa kushoto, na wa kulia akaunyoosha, polepole, kama mtu anayejaribu maji. Kiganja chake kikatua kichwani kwangu. Pale kwenye duara la kwanza kabisa, juu ya sikio la kushoto, palikuwa na nywele mpya, fupi, laini. Akazipitisha mkono mbele na nyuma. Akasogeza kiganja utosini. Akakiacha pale.

Nikainamisha kichwa.

Kisha akamwinamia ndama, akampapasa kuzunguka macho, palipoota manyoya mapya mekundu kuliko ya zamani. Akakohoa. Akageuka, akatundika kamba ukutani, akaifunga mara mbili kama vile inaweza kushuka yenyewe.

"Mnadani nitaenda kununua chumvi," akasema, akaondoka.

Mama alikaa chini kwenye kizingiti. Mimi nilimkumbatia Nesi kwenye sweta lake, pale pale nilipokuwa nimempiga, na yeye alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema "Haya, haya, haya," mpaka tukanyamaza wote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, daktari mmoja wa mifugo aliniambia kwamba ugonjwa ule wa ndama mara nyingi huondoka wenyewe, mvua ikiisha na ndama akikua, na kwa watoto pia huweza kuisha wenyewe. Alisema labda dawa yetu haikufanya mengi kama tulivyodhani. Nilimkasirikia sana. Nikamuuliza, je, upande wa kushoto ulijuaje kupona kabla ya wa kulia? Akacheka, akasema hapo nimemshinda. Sikuwa nacheka.

Nesi alikaa kwetu mpaka ndama wangu akawa ng'ombe. Mapunye ya kijiji yalipata dawa, kopo baada ya kopo, na mnyonyo wa chooni kwetu ukavunwa mpaka ukabaki vijiti. Halafu ukaja uhamisho, kama unavyokuja kwa watumishi wote, na akapangiwa kituo cha mbali, karibu na kwao. Kwa bahati njema, ng'ombe wangu alizaa wiki chache kabla ya safari.

Siku ya kuondoka Mama aliamka akasukasuka kibuyu cha maziwa ya kwanza ya ng'ombe yule. Alipomaliza, akamwita Nesi uani, mbele yetu sote, Baba, mimi, na majirani waliokuja kuaga. Alikuwa ameshika donge la siagi nyeupe kwenye kiganja, na dole gumba lake lilikuwa safi tangu chini, ukucha mpya umefika mpaka ncha. Alimwonyesha kwanza huo ukucha.

Kisha akasita. Alikuwa anakumbuka ile siku ya kikopo, naye hakujua kama mtu wa Tanga, tena nesi, tena aliyetukataza, atakubali.

Nesi alifungua kitambaa chake cheupe. Ilikuwa mara ya kwanza tuone nywele zake, zilikuwa zimesukwa mistari myembamba. Akapiga goti, goti kamili sasa, mpaka chini, akainamisha kichwa.

"Nipake, Mama," akasema. "Nipake sana."

Mama akampaka. Alimpaka paji la uso, utosi, nyuma ya masikio, kwa mikono yote miwili, bila uchoyo, kushoto na kulia, na alikuwa analia na hakujifuta kwa kuwa mikono ilikuwa na siagi. Baba akaweka kiganja chake pale juu, kwenye ile siagi, akakiacha.

Ndama mpya alikuwa amesimama karibu na mama yake, miguu haijamkaa vizuri bado. Harufu ikamfikia. Akasogea, akanyoosha shingo kuelekea kichwa cha Nesi, ulimi umeshatoka. Nilikimbia kumzuia.

"Subiri," Nesi akasema, bado amepiga goti. Akamshika ndama taya, akamgeuza usoni kwenye mwanga. Akamkagua kuzunguka jicho la kwanza, na la pili. Pua. Nyuma ya masikio. Hapakuwa na kitu.

"Safi," akasema. Akainamisha kichwa tena. "Mwache alambe."